Strontiamu: dawa ya meno ya mama, vidonge vya halati, na kuta za Lamu

Swali limetoka kwa msomaji wa Mkomani, Lamu. Nimelipunguza kidogo tu:

"Shikamoo mwalimu. Mamangu ana miaka 67 na meno humwingia ganzi akinywa maji ya barafu. Tukamnunulia dawa ya meno, boksini imeandikwa kloridi ya strontiamu. Mwanangu wa kidato cha tatu alipoisoma akaruka: ati hiyo ndiyo sumu ya Chernobyl, huingia mifupani ikakaa humo. Tangu siku hiyo mama haigusi, ameirusha juu ya kabati. Lakini halati yangu anayeishi Uingereza alimletea vidonge vya kutia nguvu mifupa, navyo vina jina hilo hilo, na hivyo anavimeza kila usiku kwa kuwa vimetoka Ulaya. Mama ana presha. Hii strontiamu ni kitu gani, imeingiaje nyumbani mwetu, na tutupe ipi?"

Marahaba, binti yangu. Nianze na la mwisho maana ndilo lisilongoja. Dawa ya meno ishushwe kabatini irudi msalani. Vidonge mama avisimamishe mpaka amwone daktari. Mmeacha la kushika mkashika la kuacha, na hamna lawama, kwa sababu jina ni moja na hakuna aliyewaambia kwamba jina peke yake halitoshi. Nitaeleza kwa nini, ila itabidi nizunguke kidogo, maana umeuliza imeingiaje nyumbani mwenu, na jibu la hilo ni kwamba haikuingia. Nyumba yenyewe imejengwa kwayo.

Ukikaa Mkomani, bila shaka kuta zenu ni za mawe ya matumbawe, zimekandikwa chokaa, na unene wake ni dhiraa moja au karibu. Tumbawe ni nyumba ya mnyama mdogo laini ambaye huteka kalsiamu kutoka maji ya bahari akaifanya jiwe. Katika lita moja ya maji ya bahari, hayo hayo mnayoogelea Shela, mna kalsiamu miligramu 400 na kitu, na strontiamu miligramu 8 hivi. Elementi hizi mbili zinafanana sana kwa tabia, na mnyama yule hana jicho kali la kuzibagua. Kwa kila atomu 1,000 za kalsiamu anazopachika kwenye nyumba yake, hupachika na kama 9 za strontiamu. Ukienda kwa mizani, tumbawe lililotoka baharini lina strontiamu gramu 7 hadi 8 katika kila kilo. Jiwe la kilo 10, ambalo fundi hulibeba begani bila kulalamika, lina gramu 70 na zaidi: uzani wa yai kubwa la kuku.

Sasa tupime tyubu ya mama. Dawa za meno za aina hiyo kwa kawaida zina kloridi ya strontiamu asilimia 10, na ndani ya hiyo kloridi, klorini na maji huchukua theluthi mbili ya uzani. Tyubu ya gramu 100, basi, ina strontiamu gramu 3 na kitu. Jiwe moja la tumbawe ni sawa na tyubu 20. Mama amezaliwa, amelelewa na ameozwa katikati ya mawe ya aina hiyo, halafu anaikimbia tyubu.

Niseme haki: si kila jiwe la Lamu lina kiasi hicho. Mawe mengi ya kuta huchimbwa nchi kavu, Maweni kule Manda, na hayo ni matumbawe ya kale sana, ya wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Mvua ya maelfu ya miaka imepita ndani yake, ikayayeyusha kidogo kidogo na kuyapanga upya, na kila yakipangwa upya hupoteza sehemu ya strontiamu yake. Tumbawe la baharini ni lile laini ambalo mafundi wa zamani walilikata likiwa bichi, wakalichonga kabla halijakauka, kwa kazi za nakshi kama mihrabu. Chokaa nayo ina yake. Ukichoma matumbawe kwenye tanuri, kinachotoka ni hewa ya kaboni. Strontiamu haina mahali pa kwenda, hubaki pamoja na kalsiamu ndani ya unga ule mweupe. Ndiyo iliyopakwa kwenye zidaka zenu. Na ndiyo aliyoila bibi yako kila alipokunja tambuu akapaka chokaa kwa ncha ya kidole. (Tambuu ina madhara, tena makubwa, lakini yanatoka hasa kwenye popoo na tumbaku. Strontiamu ya kwenye chokaa haimo kesini.)

Basi ni nani huyu? Kwenye jedwali la elementi ni namba 38, safu moja na kalsiamu. Kalsiamu iko juu yake, bariamu iko chini yake. Ndugu watatu wa tumbo moja, kila mmoja mnene kuliko aliyemtangulia. Ikiwa peke yake ni metali laini ya rangi ya fedha, lakini hutaiona hivyo dukani wala njiani, kwa sababu ikigusa hewa huchujuka na ikigusa maji huchemka. Maabara huihifadhi ndani ya mafuta. Jina limetoka Strontian, kijiji cha machimbo ya risasi huko Scotland. Mwaka 1790 daktari Adair Crawford na mwenzake William Cruickshank walitambua kwamba jiwe moja la huko halikuwa la bariamu kama watu walivyodhani, na mwaka 1808 Humphry Davy akaitenga metali yenyewe kwa umeme, London. Mpaka hapo historia yake haina la kutisha.

La kutisha ni lile alilosema mwanao, na naomba asigombezwe, kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli. Strontiamu ya asili, iwe ya baharini, ya jiwe au ya tyubu, ni mchanganyiko wa atomu za uzani wa aina nne: 84, 86, 87 na 88. Hiyo 88 peke yake ni zaidi ya 82 katika kila 100. Zote nne zimetulia, hazitoi mionzi yoyote, na zilikuwa hivyo kabla Lamu haijawa na mtu. Anayeogopwa ni wa tano, 90. Huyo hayumo kwenye jiwe la machimboni. Huzaliwa atomu ya urani inapopasuka, ndani ya bomu au ndani ya mtambo wa nyuklia. Yeye hajatulia: hutoa mionzi, na kila miaka 29 hivi nusu yake huwa imekwisha. Nyingi ya ile iliyomwagika Chernobyl, Ukraine, mtambo wa nyuklia ulipolipuka mwaka 1986, imeshageuka kitu kingine, ila iliyosalia bado ni ya kuangaliwa.

Ubaya wa 90 ni kwamba ana sauti ya ndugu yake. Mwili ukisikia hodi ya kalsiamu hufungua mlango, na strontiamu hupiga hodi kwa sauti ile ile. Ikisha kuingia hupelekwa kule kalsiamu inakopelekwa, yaani mifupani na kwenye meno. Ya kawaida ikikaa humo haina neno. Mtu mzima anabeba kama miligramu 320 mwilini na karibu yote imo mifupani. Ya 90 ikikaa humo huumulika uboho kutoka ndani kwa miaka. Hiyo ndiyo nusu ya kweli ya mwanao. Nusu aliyokosea ni kudhani kwamba mtu mmoja wa ukoo akiiba, ukoo mzima ni wezi.

Na hapa kuna kisa ambacho napenda wanafunzi wakijue. Miaka ya 1950, mataifa makubwa yalikuwa yakilipua mabomu ya majaribio angani, na vumbi lake likawa linaangukia majani, ng'ombe wanakula, maziwa wanakunywa watoto. Serikali zilisema hakuna tabu. Mwaka 1958, huko St. Louis, Marekani, wanasayansi na akina mama wa mji wakaanza kukusanya meno ya utoto yaliyong'oka. Walipata laki tatu hivi. Huku kwetu wengi tuliyarusha juu ya paa. Wao waliyatia kwenye bahasha na kuyapeleka kupimwa. Watoto waliozaliwa baada ya majaribio kupamba moto walikutwa na strontiamu 90 nyingi zaidi menoni kuliko waliowatangulia. Mwaka 1963 Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovieti wakatia saini mkataba wa kuacha majaribio ya angani. Siwezi kusema ni meno peke yake yaliyowafikisha hapo. Lakini ni vigumu kubishana na jino la mtoto wako mwenyewe.

Jino ni shahidi wa ajabu kwa jambo jingine pia. Ganda gumu la nje hutengenezwa utotoni na halibadilishwi tena. Uwiano wa strontiamu 87 na 86 ndani yake hutokana na chakula na maji ya pale mtu alipokulia. Baharini uwiano huo ni mmoja dunia nzima, 0.7092, ilhali kwenye mawe ya kale ya bara yenye rubidiamu nyingi huwa juu zaidi, maana rubidiamu hugeuka strontiamu 87 polepole kwa mabilioni ya miaka. Ndiyo maana wachimbaji wa mambo ya kale wakikuta kaburi hupima jino: linaweza kuwaambia kama marehemu alikulia pwani au alikuja ukubwani. Mama akitaka kujigamba kwamba yeye ni mwenyeji, ushahidi anao kinywani.

Turudi kwenye kinywa hicho. Kloridi ya strontiamu ya dawa ya meno hutengenezwa kwa madini yanayochimbwa, hasa celestine, jiwe ambalo mara nyingi huwa na rangi ya samawati hafifu na ambalo jina lake lina maana ya "la mbinguni". Hakuna mtambo wa nyuklia popote njiani. Kazi yake ni hii: chini ya ganda la jino kuna tabaka lenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa jicho, na vitundu hivyo vinaelekea kwenye mshipa wa fahamu. Ufizi ukishuka, kama unavyoshuka kwa watu wa umri wa mama, vitundu hubaki wazi. Maji ya barafu yakipita, mshipa unashtuka. Strontiamu huziba midomo ya vitundu. Dawa za namna hii zinauzwa tangu mwaka 1961. Hazifanyi kazi siku ya kwanza. Mpe wiki mbili hadi nne, mara mbili kwa siku, ateme asimeze. Baada ya hapo jino lisipotulia, hasa kama ni moja tu linalouma, huenda limetoboka na dawa ya kupaka haitalisaidia. Tena aangalie kama boksini pametajwa floraidi. Kloridi ya strontiamu na floraidi ya kawaida ya sodiamu hazikai pamoja, hushikana zikawa chembe zisizo na faida, kwa hiyo baadhi ya dawa hizi hazina floraidi kabisa, na meno huoza taratibu huku yametulia. Siku hizi dukani utakuta nyingi zinazotumia naitreti ya potasiamu badala yake. Mimi ningenunua hizo, si kwa kuogopa strontiamu, bali kwa sababu floraidi huingia bila ugomvi.

Mimi naishi Malindi, na siwezi kuzungumza habari ya strontiamu na matumbawe nikanyamaza juu ya kitu ambacho watu wa hapa hupita juu yake kwa mashua za vioo bila kujua. Nilisema mnyama wa tumbawe hupachika strontiamu 9 kwa kila kalsiamu 1,000. Si 9 kamili. Maji yakiwa baridi, kama miezi ya kusi, huipokea strontiamu zaidi kidogo. Maji yakipata moto mwishoni mwa kaskazi, huipokea pungufu. Tofauti ni ndogo mno, chini ya sehemu moja katika mia kwa kila digrii, lakini mashine za leo huiona. Tumbawe kubwa la mviringo hukua sentimita moja na kidogo kwa mwaka, likiacha mstari kila mwaka kama mti. Ukilitoboa kwa keekee ukatoa kijiti cha jiwe, ukapima strontiamu na kalsiamu mstari kwa mstari, unasoma joto la bahari la miaka ambayo hakuna mtu aliyekuwa na kipimajoto.

Kwenye Hifadhi ya Bahari ya Malindi, ile iliyoanzishwa mwaka 1968 pamoja na ya Watamu, matumbawe kama hayo yametobolewa. Moja lilitoa kumbukumbu ya miaka 194, kuanzia mwaka 1801. Kwa hilo waliosoma joto walitumia zaidi oksijeni ya ndani ya jiwe, ambayo nayo ni kipimajoto. Lakini kilichonigusa mimi ni ndugu wa tatu, bariamu. Bariamu huja na udongo wa mto. Jiwe moja la hapa lenye miaka kama 300 lilipopimwa, bariamu ilikuwa imetulia miaka na miaka, kisha mwanzoni mwa karne ya ishirini ikaanza kupanda. Ni wakati walowezi wa Kiingereza walipokuwa wakifyeka na kulima huko juu, mito inakoanzia. Udongo wa bara uliteremka na mto Sabaki, kaskazi ikausukuma hadi huku Malindi, na tumbawe likauandika. Sisi wa hapa tunaoona bahari ikigeuka rangi ya chai ya maziwa kila mvua kubwa ikinyesha bara, tulidhani ndivyo ilivyokuwa tangu jadi. Jiwe linasema sivyo. Strontiamu hutunza habari ya joto, bariamu hutunza habari ya tope.

Hukuuliza maji, lakini najua mama akishasikia haya atauliza. Visima vya mchangani Shela vikivutwa sana huingiwa na chumvi. Je, na strontiamu? Ndiyo, lakini ulimi utakuonya kwanza. Kisima chenye sehemu moja ya bahari kwa tisa za maji matamu kina strontiamu ya baharini chini ya miligramu 1 kwa lita, na chumvi gramu tatu na nusu, hayo hayanyweki. Wamarekani huanza kushauri tahadhari kwa mtu anayekunywa maisha yake yote maji yenye miligramu 4 kwa lita. Visima vilivyochimbwa kwenye miamba ya matumbawe vinaweza kuwa na zaidi kidogo kwa sababu nilizotaja za mvua kuyeyusha jiwe. Madhara yaliyothibitika kwa wanyama ni matege, wanapolishwa strontiamu nyingi sana huku kalsiamu ikiwa haba. Mtu anayekula samaki, dagaa na mifupa yao, na mboga za majani, hayuko huko. Maji ya jabia, ya mvua, hayana strontiamu ya kutajwa.

Vitu vingine vya nyumbani nitavipitia mbiombio. Sumaku nyeusi iliyo nyuma ya spika, ile watoto wanayoibandua redio ikifa ili wavute nayo chembe nyeusi mchangani, mara nyingi ni oksidi ya chuma iliyochanganywa na strontiamu. Tasbihi zinazong'aa gizani ni za aina mbili: zikizimika kabla hujamaliza uradi, ni salfaidi ya zinki, zikikufikisha karibu na alfajiri, ni alumineti ya strontiamu, iliyovumbuliwa Japani miaka ya 1990, nayo haina mionzi, hunywa tu mwanga wa taa na kuurudisha polepole. Na kama bado mnayo televisheni ya kichogo stoo, kioo chake kizito cha mbele kina strontiamu kwa makusudi, kwa sababu atomu zake nene huzuia eksirei zinazotoka ndani ya televisheni. Shika hilo la eksirei, tutalihitaji.

Mahali nilipoiona strontiamu kwa karibu kuliko maabara yoyote ni baharini. Tulikuwa tunatoka Kizingitini kurudi Lamu, mashua ya mashine, watu kumi na moja na magunia. Tulichelewa, maji yakawa yanatoka, na mashine ikazima tumekaribia Mkanda, ule mkondo kati ya Manda na bara, jua limeshatua. Simu hazikushika. Nahodha akafungua sanduku lililo chini ya usukani akatoa fataki mbili za dharura, zile za kushikwa mkononi. Ya kwanza aliivuta mara mbili, ikatoa moshi kidogo ikanyamaza. Mimi nikamulika tarehe kwa kurunzi: ilikuwa imepitwa na miaka minne. Ya pili ilikuwa kuukuu vile vile, lakini ikawaka. Nimewasha naitreti ya strontiamu kwenye waya mbele ya wanafunzi miaka mingi, cheche ndogo nyekundu, wanasema "aaah", kengele inalia. Hii ilikuwa kitu kingine. Kanzu ya mzee aliyekaa mbele yangu ikawa nyekundu, mikoko ikawa nyekundu, maji yakawa kama sharbati, na jivu jeupe likawa linamdondokea nahodha kwenye mkono naye hatikisiki. Yote haikuzidi dakika moja. Mtu mmoja wa dau la nyavu aliiona, akaja.

Wekundu huo hakuna elementi nyingine inayoutoa vizuri hivyo. Ndani ya moto strontiamu hushikana na klorini kwa muda mfupi mno, na kifungo hicho ndicho kinachotoa rangi. Fataki za sherehe zikiwa nyekundu, ni yeye. Mwenye chombo anayesoma hapa aangalie tarehe za fataki zake leo; nyingi huandikwa miaka mitatu hivi, na unyevu wa bahari haungoji hata hiyo.

Sasa vidonge. Nimeviweka mwisho kwa sababu sasa unazo hesabu za kunifuata.

Miaka ya nyuma Ulaya ilikuwa na dawa ya mifupa dhaifu iitwayo raneleti ya strontiamu. Daktari aliiandika, gramu 2 kwa siku, na ndani ya hizo mlikuwa na strontiamu yenyewe miligramu 680. Ilipunguza mivunjiko, sitaki kuidhulumu. Lakini ilionekana kuleta shida za moyo na damu kuganda, na mwaka 2014 Shirika la Dawa la Ulaya likaibana: asipewe mtu mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, wala mwenye presha isiyodhibitiwa. Mwaka 2017 mtengenezaji akaiacha. Vidonge vinavyouzwa bila cheti cha daktari, na ambavyo halati huenda amevitoa kwenye rafu ya duka la vitamini, kwa kawaida ni chumvi nyingine, sitreti ya strontiamu, lakini mara nyingi kipimo ni kile kile, miligramu 680 kwa siku. Chakula cha kawaida kinampa mama miligramu chache tu. Mwili wake mzima, kama nilivyosema, unabeba 320. Kwa hiyo, kama vyake ni vya kipimo hicho, kila usiku anameza mara mbili ya strontiamu yote aliyoikusanya tangu azaliwe. Hiyo si dawa ya meno ya kutema. Ukuta wa tumbawe nao hautoi kitu ukiulalia, kwa sababu strontiamu yake imefungwa ndani ya jiwe. Hii inamezwa, inaingia kwenye damu, na figo za mtu wa miaka 67 ndizo zinazoachiwa kazi ya kuitoa.

Huenda presha yake imedhibitiwa na moyo wake ni mzima. Hilo daktari ndiye wa kulisema, si mimi wala halati. Mpaka hapo visimame. Na tafadhali msichanganye: vya presha asiviache hata siku moja.

Mwambie daktari jambo moja zaidi, maana wengi hawaulizi. Mama akipelekwa Mombasa kupimwa uimara wa mifupa kwa ile mashine ya eksirei, aseme kabla hajalala kitandani kwamba amekuwa akimeza strontiamu, na kwa muda gani. Atomu zile nene zilizokuwa zikizuia eksirei kwenye kioo cha televisheni zitazizuia pia ndani ya mfupa. Mashine itadhani ni mfupa ulioongezeka, karatasi itatoka na namba nzuri, na familia itampigia halati simu kumshukuru, kumbe sehemu ya namba hiyo ni uzito wa kidonge. Beba kopo lenyewe mfukoni. Upande wa nyuma, kwa maandishi madogo, pameandikwa miligramu ngapi za strontiamu ziko katika kila kidonge. Mwoneshe hapo kwa kidole.